Mtwapa, Tudor, Kongo au Kilifi: kwanza uliza leo mwezi ngapi

Binamu yangu anaishi Kisumu, na kila nikimpigia simu Jumapili hunijibu akiwa majini. Mara yuko Dunga katikati ya mafunjo, mara ameteremka na kijito hadi kinapomwagika ziwani. Kwake kupiga kafi ni jambo jepesi. Maji yanateremka, naye anateremka nayo, na mwisho wa safari ni Ziwa Victoria, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji baridi yasiyojua kujaa wala kupwa. Shida yake ni moja tu: akifika chini anahitaji gari la kumrudisha alikotoka.

Sisi wa Mombasa hatuna mto wa namna hiyo. Tulicho nacho ni hori, mikono ya bahari iliyojipenyeza bara ikapokea vijito vidogo kutoka vilima vya nyuma. (Wazee wetu wa pwani waliita hori mkono wa bahari, na hori pia ni aina ya mtumbwi. Chombo na njia yake vikapewa jina moja.) Katika hori maji huenda kote kuwili. Ukijua saa zake, bahari itakupandisha juu asubuhi na kukurudisha ulipoanzia mchana, bila gari wala kutoka jasho sana. Usipojua, itakufanyia iliyonifanyia mimi Tudor.

Watu huniuliza, hasa likizo za shule zikikaribia, wapi pa kwenda kati ya Mtwapa, Tudor, Kongo ya Diani na Kilifi. Nimepiga kafi kote huko, na nina nilipopapenda kuliko pengine, sitaficha. Lakini kulinganisha mahali kabla ya kulinganisha siku ni kuanza na mkia wa samaki.

Kilichotupata Tudor

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, na kayaki mbili za kukodi. Saa mbili asubuhi, jua bado pole, maji yamelala kama mafuta. Palikuwa na mzee anashona jarife lake kando ya maji. Akatutazama tukishusha vyombo, akauliza, "Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

"Tarehe kumi na nne, mzee."

Akacheka hadi akaacha sindano. "Nakuuliza mwezi, wewe wanipa kalenda ya mshahara. Leo ni mwezi tatu. Maji haya yanatoka."

Tulimshukuru kwa adabu, tukaenda zetu. Tulielekea upande wa Mikindani, tukaingia kwenye vichochoro vya mikoko. Safari ilikuwa tamu kweli, maana maji yaliyokuwa yakitoka yalikuwa bado mengi, nasi tulijiona mafundi. Kufika saa nne kichochoro kikawa mfereji, mfereji ukawa tope. "Mjomba, tumenasa," mpwa wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu. Nikashuka kusukuma, nikazama hadi magotini. Tope la mikoko si tope la barabarani. Linashika mguu na kukataa kuurudisha. Tulikaa pale juani hadi saa saba, bahari iliporudi yenyewe kutuchukua. Kaa walitutembelea wakaondoka, hawakuona cha maana.

Baadaye nilirudi kwa yule mzee na hesabu yake nikaiandika. Mwezi kwake ni siku ngapi tangu mwezi wa angani uandame, si mwezi wa kalenda. Nawapa kama alivyonipa, na nimeijaribu kwa miaka.

Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne au tano, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, kimo cha dari ya chumba. Maji mengi hivyo yakitoka kwa saa sita tu, mkondo wake huwa na nguvu. Siku za maji mafu, mwezi nane hadi kumi na tena mwezi ishirini na mbili hadi ishirini na nne, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne au tano asubuhi, na tofauti hushuka hadi mita moja na kitu. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50.

Kwa hiyo mgeni wa kafi, au mwenye watoto, ana siku zake: asubuhi za maji mafu. Anaondoka saa mbili na maji yakipanda, anageuka saa tano yakiwa yamesimama, anarudi nayo yakishuka polepole. Bamvua waachie wanaojua wanakokwenda.

Upepo nao una saa zake. Asubuhi kabla ya saa nne hori zote hizi hutulia, isipokuwa kusi likiwa limekaza, kati ya Mei na Agosti. Mchana upepo wa bahari huingia, na ukikutana na maji yanayotoka huinua viwimbi vifupi vya kero. Mimi huanza kutamani kafi mwisho wa Septemba, kusi likilegea, na naendelea hadi kaskazi litakapoanza kutusumbua. Masika sipigi kabisa. Mvua huosha nchi yote na kuileta majini.

Mtwapa na Tudor

Hizi mbili ndizo za karibu, na ndizo watu hushindana juu yake.

Mtwapa iko kama kilomita 15 kaskazini ya mji. Unapanda matatu, unashuka kabla au baada ya daraja, na hori iko chini yako. Ng'ambo ya kusini ni Kaunti ya Mombasa, ya kaskazini ni Kilifi, kwa hiyo ukipiga kafi katikati unapita juu ya mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Upande wa kusini ndipo Shimo la Tewa, jina ambalo siku hizi watu wakilisikia huwaza gereza na shule. Lakini tewa ni samaki, yule mnene mwenye mdomo mpana apendaye kukaa kwenye mashimo ya miamba. Jina ni la wavuvi, lilikuwapo kabla ya ukuta wa gereza.

Ukiupa mgongo bahari na kupanda bara, majumba na maboti ya wenye pesa huisha upesi. Kinachobaki ni mikoko pande zote mbili na minazi juu ya vilima nyuma yake. Hapa ndipo napendea Mtwapa: njia kuu ni pana na ina kina, hivyo hata maji yakipwa hunasi ukikaa katikati, na wakati huohuo kuna vichochoro vya kutosha vya kuingia maji yakijaa. Yangeyange hukaa juu ya matawi kama nguo zilizoanikwa. Mdiria hupita mbele yako kwa rangi ya buluu usiyoiamini. Visamaki virukavyo juu ya tope, vile vyenye macho juu ya kichwa, huwafurahisha watoto kuliko ndege wote.

Maji yake ni safi kuliko ya Tudor, hilo halina ubishi. Kero yake ni nyingine: mashine. Jumamosi mchana boti za kasi na pikipiki za majini huchafua utulivu wote, na mawimbi yake yakigonga ukingo hurudi kukupiga ubavuni. Muziki wa baa nao haujui mpaka. Dawa ni kwenda Jumapili asubuhi mapema. Mtwapa husherehekea usiku kucha, kwa hiyo saa moja asubuhi mji mzima umelala fofofo na hori ni yako peke yako.

Jambo moja la kuogopa Mtwapa ni mdomo wa hori. Upande ule kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 wenye msikiti karibu kabisa na ufuo, na kishawishi cha kwenda kuuona kwa kayaki ni kikubwa. Usifanye hivyo maji yakipwa. Hori yote hutokea pale, nje kuna mwamba na mawimbi yanavunjika juu yake. Nenda Jumba la Mtwana kwa miguu siku nyingine, kwa heshima zake. Ni mahali pa kukaa chini ya mti, si pa kufika umelowa na kutetemeka.

Tudor, kwa upande wake, iko mlangoni. Mtu wa kisiwani hahitaji hata matatu. Na hakuna hori nyingine katika hizi iliyo na historia iliyokaa hadharani hivi. Ukishuka kutoka Tudor unapita chini ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la zamani lililoelea juu ya maji, halafu Mji wa Kale unajitokeza kwa mgongo wake: ngazi zinazoshuka majini, kuta za mawe ya matumbawe, madirisha ya juu yanayotazama bandari ambako majahazi bado hufunga. Mbele zaidi ni Ngome, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mtu aliyeizoea kutoka upande wa barabara hajaiona. Ilijengwa kutazamwa kutoka majini na mtu mwenye hofu, na ukiwa kwenye kayaki, kichwa chako kimo cha mtoto juu ya maji, unaelewa kwa nini.

Ukipanda upande wa pili unaingia mikoko ya Mikindani na Jomvu. Hapo mwenye macho ataona jinsi msitu ule na nyumba zile za mjini zilivyo kitu kimoja. Boriti za dari za Mji wa Kale zilitoka kwenye mikoko, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali: urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba. Mlilana, unaosimama mbele kabisa ukipigwa na maji, ulitoa mataruma, yaani mbavu za vyombo. Mkandaa ulitoa rangi kutoka gome lake. Nyuma yao ni mchu, mvumilivu wa chumvi. Mguse jani utaona chembe zake kidoleni.

Mpaka hapa mtu angesema Tudor imeshinda. Haijashinda. Maji yake ni machafu. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, na yanayotoka kwenye mitaa inayoizunguka hori huishia humo. Mikoko husafisha kiasi, lakini nayo imekatwa na kuchomwa, na mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo uliofunika mizizi ya hekta nyingi katika hori za Mombasa ikakosa pumzi. Kuna siku harufu inakukutanisha na mji kabla hujauona. Nimepiga kafi Tudor mara nyingi na nitarudi, lakini simpeleki mtoto anayepinduka pinduka, wala mtu mwenye kidonda mguuni. Na baada ya mvua siendi, hata kwa kubembelezwa.

Pia mkondo wa Bandari ya Kale si mchezo. Hori yote ya Tudor hupita kwenye ule ujia mwembamba ikienda baharini. Ukiwa mbele ya Ngome maji ya bamvua yakitoka, utapiga kafi kwa nguvu zako zote na Ngome haitasogea. Nenda pale maji mafu, ukae kando, upishe vyombo vya wenye kazi zao, wala usielekezee gati kamera ukaja kuulizwa maswali.

Basi, kati ya hizi mbili: kwa starehe, Mtwapa. Kwa mtu aliyezaliwa kisiwani ambaye hajawahi kuuona mji wake kutoka upande ulioujenga, Tudor mara moja, siku ya maji mafu, asubuhi, kavu. Kisha akaoge vizuri.

Upande wa kusini wa kisiwa kuna hori nyingine kubwa, ile inayopita Kilindini hadi Port Reitz na kupokea Mto Mwache. Wapo wanaoitamani. Mle ndimo meli za makontena zinamogeuka, na nahodha aliye juu kule hakuoni. Sina zaidi la kusema.

Kongo, kwa wenye watoto

Mto Mwachema, ambao wengi wanauita Kongo, hutokea baharini kati ya Tiwi na Diani. Ni mdogo. Mtu mwenye nguvu ataumaliza wote unaopitika kwa saa moja, na kama unatafuta safari utasikitika. Lakini kama unatafuta mahali ambapo mtoto wa miaka minane ataanguka majini, asimame, maji yamfike kifuani, acheke, apande tena, hakuna pa kulinganisha.

Mdomoni kuna kiganja cha mchanga kinachozuia mawimbi ya bahari, kwa hiyo ndani maji ni kama birika. Pembeni kuna mibuyu mikubwa na Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa karne nyingi, ambao bado watu huswali. Kwa hiyo njoo na leso ya kujifunga unapopita pale na punguza makelele, hata kama wageni wengine wamesahau. Ukibahatika mbega watakuwa juu ya miti ya upande wa Diani, weusi na mashavu meupe, wakikutazama kama wazee wa baraza.

Vijana wa pale hukodisha mitumbwi, kayaki na mbao za kusimama, zile unazopigia kafi umesimama juu yake. Bei hupatanwa, na hupatanwa kabla ya kuingia majini, si baada. Siku za sikukuu watu hujaa mno. Mimi hupendelea siku ya katikati ya wiki.

Kikwazo chake ni kufika na kufika kwa saa. Kutoka kisiwani ni feri ya Likoni, na feri ina tabia zake. Mwenye gari azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Kisha Kongo haina maana maji yakipwa. Inabaki njia ya maji ya vifundoni katikati ya mchanga, watoto wanakusanya kombe na wewe umebeba kafi kama fimbo. Panga kuwa pale muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, ondoka muda kama huo baada ya kujaa. Tofauti na Mtwapa, hapa bamvua haikudhuru sana: maji yakijaa saa kumi jioni, unapata mto uliofurika na jua linaloshuka nyuma ya minazi. Ila usivuke kile kiganja cha mchanga yakianza kutoka.

Kilifi, na usiku wa maji ya moto

Kilifi ni karibu kilomita 60, na kwa wengi ndiyo hori nzuri kuliko zote kwa kuitazama. Ukiwa juu ya daraja, lililofunguliwa mwaka 1991 likaistaafisha feri, unaona maji ya buluu mazito, mashua zenye matanga zimetia nanga, na upande wa kusini juu ya jabali ni magofu ya Mnarani.

Kwa kafi ya mchana, hata hivyo, mimi siipi nafasi ya kwanza. Ni pana na ina kina kirefu, na upana huo ni uwanja wa upepo. Kuanzia saa tano kurudi kutoka upande wa ndani ni kazi ya mabega. Mwenye kayaki ndefu ya baharini ataipenda. Mwenye ubao wa kusimama atageuka tanga bila kutaka.

Kinachonipeleka Kilifi ni usiku. Mle majini mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo maji yakitikiswa hutoa mwanga wa buluu. Kila ukitia kafi inawaka. Ukiinyanyua inadondosha cheche. Samaki akishtuka chini yako huchora mstari wa mwanga akapotea. Nimewahi kwenda na mama mmoja mtu mzima, jirani yangu, ambaye alikuwa ameapa haingii kwenye chombo kisicho na mashine. Alikaa kimya nusu saa nzima, mkono wake ndani ya maji, akawa anasema tu, "Subhanallah, subhanallah."

Sasa hapa ndipo hesabu ya mzee inafaa kuliko popote. Mwanga ule unataka giza, na watu hukimbilia usiku wa mwezi mwandamo kwa kuwa hakuna mbalamwezi. Lakini mwezi mwandamo ndio bamvua. Maji yaliyojaa saa kumi jioni yanatoka kwa nguvu saa moja na saa mbili usiku, saa zilezile unazoingia, nayo yanaelekea baharini. Nenda siku tatu au nne kabla, mwezi ishirini na tano au ishirini na sita. Mbalamwezi ya siku hizo haitoki hadi usiku wa manane umepita, kwa hiyo giza lipo, na maji huwa yamepwa mapema usiku, yanaanza kupanda. Ukichoka, mkondo unakusukuma ndani, mbali na mdomo. Na nenda na mwenyeji, taa kichwani, hata kama utaizima.

Ukiwa njiani kwenda Kilifi, Takaungu ina hori yake ndogo ambayo wengi hupita bila kuigeukia. Ni mji ambao Wamazrui walikimbilia baada ya kupoteza Mombasa mwaka 1837, wengine wao wakienda Gazi upande wa kusini. Hori yake ni nyembamba, maji ya kijani kibichi, kimya. Saa mbili zinatosha. Sitaisifu zaidi nisije nikaiharibu.

Mito ambayo jibu ni hapana

Kila mara kuna mmoja anayesema hizi hori ni za watoto, anataka mto wa kweli. Ramisi unaoingia Ghuba ya Funzi ni mto wa kweli, na una mamba wa kweli. Watu huenda kuwatazama, wakiwa kwenye mashua ya mashine na wenyeji wa Funzi, na ni safari nzuri. Kwa kayaki, hapana. Sabaki karibu na Malindi una mamba na viboko pia.

Na ukitaka hasa mto unaoingia ziwani, wa karibu yetu ni Lumi, unaotoka Kilimanjaro na kuingia Ziwa Jipe huko Taveta. Mandhari yake yanatuliza roho: Milima ya Pare ng'ambo, Tanzania, mafunjo pande zote. Na ndani ya mafunjo, kiboko. Kiboko hana haja na nyama yako, ana haja na njia yake, na ukiwa umeketi katikati yake kwenye plastiki ya mita tatu hamtaelewana. Mwacheni kwake.

Wa binamu yangu je? Niliwahi kwenda Kisumu, nikapiga kafi naye asubuhi mbili. Nilichokipenda ni kwamba hakuna hesabu ya mwezi: unaamka, unaingia. Maji hayachomi macho. Mafunjo yana sauti yake upepo ukipita, kama watu wananong'ona chumba cha pili. Lakini gugu-maji linaweza kufunga ghuba nzima usiku mmoja likisukumwa na upepo, viboko wapo na wavuvi wa Dunga wanakwambia upande wa kupita na upande wa kuacha, na alasiri upepo wa ziwa hukaza ghafla. Na si kila mto wa huko ni mpole. Sondu Miriu una maporomoko na mtambo wa umeme. Yala unapotea kwenye kinamasi kabla ya kulifikia ziwa. Sehemu tulivu ni zile za mwisho mwisho, karibu na midomo, na mwenyeji ndiye anayezijua. Kwa mtu wa Mombasa, basi la usiku kucha kwa ajili ya asubuhi mbili za kafi ni gharama ya kuifikiria mara mbili. Kama una ndugu wa kukulaza, nenda.

Chombo

Mtumbwi wa kuchonga, wa mwembe, ni mzito na hautaki haraka, lakini ukiutulia nao hutulia. Juu yake unakaa na mwenyeji anayepiga kafi au kusukuma kwa pondo, wewe unatazama. Kwa wazee na watu wasiojua kuogelea hiki ndicho chombo. Kayaki ya plastiki ngumu ndiyo ninayoitumia zaidi. Ile ya kujaza upepo naiogopa ndani ya mikoko, maana mizizi imejaa chaza na ganda la chaza ni wembe. Nimeona moja ikipasuliwa Mtwapa, ikaishiwa pumzi taratibu mwenyewe akiwa bado anapiga picha. Ubao wa kusimama ni wa Kongo, au Mtwapa alfajiri.

Viatu vya kufungwa, si ndara; tope litazichukua. Maji ya kunywa lita mbili kila mtu. Jaketi la kuokolea limefungwa mwilini, si limewekwa chini ya kiti. Ukikodi chombo na mwenyewe akasema jaketi hazihitajiki kwa kuwa maji ni machache, nenda kwa mwingine.

Sisi, inshallah, Jumamosi inayokuja ni mwezi tisa. Maji yatajaa kama saa tano asubuhi. Tunashukia Mtwapa, chini ya daraja upande wa kusini, saa mbili kasoro. Mpwa wangu anakuja, na yule jirani yangu amesema safari hii anataka kafi yake mwenyewe. Mahamri na mbaazi ni juu yangu. Anayekuja asichelewe, saa mbili maji yanapanda nasi tunapanda nayo.